Machela Iliyobeba Kila Kitu Isipokuwa Mjamzito

Nimerudisha mkoba, fulana na kofia. Sikustaafu, nimestaafishwa. Walisema siku hizi mhudumu wa afya ngazi ya jamii lazima awe na cheti cha kidato cha nne, na mimi shule yangu iliishia darasa la tano, mwaka ambao baba aliona mkonge unanihitaji kuliko hesabu. Kinyongo sina. Hapo nimeandika uongo; kinyongo ninacho, tena kizito, ila nimekiweka pembeni kidogo niwaandikie nyinyi mliochukua nafasi yangu, wenye vishikwambi na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, hapa kijijini Mwera, wakati wa masika. Mungu awasaidie.

Nitataja watu kwa majina. Wengine wako hai na watasoma, au watasomewa. Wakikasirika wajue nimechagua yaliyo mepesi.

Mimi ni Paulina. Baba alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge, nikazaliwa kambini, nikaolewa kambini. Mimba yangu ya kwanza na ya mwisho ilinishika uchungu mchana kweupe. Trekta la shamba lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta yalikuwepo. Ila nyapara Gwidoni alisema trekta ni la kubeba mkonge, sharti apate ruhusa ya bwana shamba, na bwana shamba alikuwa anakula. Walipomaliza kumsubiri amalize, nilipona mimi, mtoto hakupona. Gwidoni alikuja kutoa pole amevaa kofia. Hata hakuivua.

Kwa hiyo siku Mzee Hatibu, mwenyekiti wa kamati ya afya, aliposimama kwenye mkutano wa kijiji kutafuta mtu wa kuzungukia wajawazito, mimi sikunyoosha mkono kwa kupenda sifa. Wala sikunyoosha kabisa. Yeye ndiye aliyenionyesha kwa fimbo akasema, "Paulina hana mtoto mdogo, wala hana shamba la maana. Nafasi anayo." Watu wakapiga makofi. Ndivyo nilivyochaguliwa. Nyinyi mlifanya usaili.

Siku ya kwanza kazini niliingia nyumba ya Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenye ulimi mkali na kuku wengi, na nyumba yake ilikuwa na wakwe wawili. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo, nikaeleza nimekuja kuwaona wajawazito. Akaniambia humo ndani mjamzito hamna. Nyuma yake mkwe wake mkubwa alikuwa anatwanga mpunga, tumbo liko mbele kama mtungi. Nikamtazama yule mkwe, nikamtazama Bi Tatu.

"Unatazama nini?" akaniuliza. "Ameshiba."

Hilo mlijue kabla hamjajua kitu kingine chochote, maana kwenye kishikwambi halimo. Huku kwetu pwani tumbo halitangazwi, na uchungu ndiyo kabisa. Mwanamke akishikwa, wanaojua ni mama, mama mkwe na mkunga. Wanasema kila mtu anayejua anaongeza uchungu: akijua mmoja unarefuka kidogo, wakijua wengi mtoto anakaa ndani anasubiri watawanyike. Na hasidi ndiyo usiseme. Sisi wa kambini tulikuwa na mambo yetu mengine, lakini hilo nililikuta nikaliheshimu. Siku zote nilikuwa naingia kwa kisingizio. Nimeuliza bei ya kuku ambao sikuwahi kununua hata mmoja. Ukimaliza habari ya kuku, unauliza habari ya miguu kuvimba.

Sasa ikaja habari ya ushirikishwaji wa jamii. Kutoka kitongojini kwetu kwenda zahanati kuna korongo, na masika ule udongo mweusi unashika gurudumu la pikipiki kama una deni nalo. Gari la wagonjwa lilikuwa linaishia ng'ambo, dereva anapiga honi, anageuza. Wanawake walikuwa wanajifungulia njiani. Basi tukaambiwa jamii ikae, ifikiri, ijitatulie. Kamati ikakaa. Wanaume wote, na mimi wa kuchemsha chai.

Wakaamua kutengeneza machela. Wazo zuri, sikatai. Seremala Salehe akapewa kazi, akaleta miti miwili mizuri na turubai, akashona kwa kamba ya mkonge. Kosa lake Salehe lilikuwa moja: hakuwa na wa kumpima, akajipima mwenyewe. Na Salehe ni mfupi. Mtu yeyote wa kimo cha kawaida akilala kwenye ile machela miguu inabaki nje, inaning'inia.

Halafu Mzee Hatibu akaleta la kwake. Wabebaji wako mashambani, akasema, tutawaitaje? Akaning'iniza rimu ya lori nje ya karakana ya Salehe. Rimu ikigongwa harakaharaka ni mgonjwa. Ikigongwa mapigo matatu mazito, ikanyamaza, ikarudia, ni mjamzito ameshikwa uchungu. Ili kila mtu ajue, akasema. Alilirudia hilo, ili kila mtu ajue, na wanaume wenzake wakatikisa vichwa kwa furaha. Mimi birika lilinitoka mkononi.

Nilimfuata baadaye nikamweleza. Nikamwambia Mzee, hakuna mwanamke wa huku atakayekubali kugongewa chuma. Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya kizamani na sisi tuko kwenye maendeleo. Mke wake mwenyewe alizaa watoto wote chumbani, mlango umefungwa, na yeye Hatibu akiwa amepelekwa shamba asijue. Nikamkumbusha. Akasema hiyo ilikuwa tofauti.

Basi machela ikakaa. Tuseme haikukaa, maana ilifanya kazi kuliko punda. Ilibeba nazi za Mzee Hatibu. Ilibeba sufuria la pilau la harusi ya binti yake. Ilibeba friji ya muuza duka, na mbuzi aliyevunjika mguu, ambaye alikuwa mgonjwa, sikatai. Mjamzito haikubeba hata mmoja.

Wakubwa wa wilaya wakaja kuona. Walitaka waonyeshwe inavyofanya kazi. Hakuna mwanamke aliyekubali kulala, hata asiye na mimba, maana unaanza mchezo unamaliza kweli. Ndipo Mzee Hatibu akamtoa Mshamu mchinjaji, kwa sababu ya kitambi. Mshamu akalazwa, akafunikwa kanga, rimu ikagongwa mapigo matatu. Wabebaji wakaja mbio, watoto wakaja mbio, wanawake wakapiga vigelegele. Walipofika korongoni Mshamu alianza kucheka, machela ikayumba, na mjamzito wetu akaingia kwenye tope mpaka masikioni. Wageni walipiga picha kabla hajaanguka. Picha hiyo nimeiona ofisini, imebandikwa ukutani. Mshamu amefumba macho, ametulia, amependeza. Chini imeandikwa ushirikishwaji.

Nimewachekesha, sasa nisikilizeni. Bi Tatu alikuwa na mkwe mdogo, Hamisa, mke wa mwanawe Jumaa aliyekuwa kuli kule mpakani Horohoro. Mimba ya kwanza ya Hamisa ilimalizikia chumbani. Mtoto alitoka kimya, na Hamisa akatoka damu mpaka godoro likatupwa. Nilikuwepo mwishoni, nilipoitwa kwa kuchelewa. Miezi mingi baadaye alipata nyingine, na Sista Anjela, nesi wa zahanati, alimpima akaniita pembeni. Akaniambia huyu asizalie nyumbani. Uchungu ukianza tu, aje. Akizalia kule, Paulina, usiniletee, mpeleke makaburini moja kwa moja. Sista Anjela ni mtu wa milimani kama baba yangu, hawazungushi maneno.

Nilimpangia akakae kwa ndugu karibu na zahanati mwezi wa mwisho. Bi Tatu akakataa. Mkwe kuhama na tumbo ni sawa na kugonga rimu, akasema, tena rimu ya mwezi mzima. Nikabembeleza, nikauliza bei ya kuku hadi kuku wenyewe wakanichoka. Wapi.

Uchungu ukaja asubuhi, siku za mwanzo wa mwezi wa tano, mvua inanyesha ile ya kutokata. Nilifika nikamkuta Hamisa amepiga magoti ameng'ang'ania mguu wa kitanda, uso umemtoka jasho, hasemi. Nikamwambia Bi Tatu nakwenda kugonga rimu.

"Ukigonga," akasema, "usikanyage tena hapa."

"Nisipogonga, Bi Tatu, huyu anakufa hapa hapa. Ulimwona mara ya kwanza."

Nilidhani ananitafutia tusi. Kumbe alikuwa anamtazama Hamisa, na Hamisa akainua kichwa akasema kitu kimoja tu siku ile nzima: "Mama, sitaki kuzika tena."

Bi Tatu akakaa kitini. Halafu akavua kanga yake ya kichwani, akanirushia.

"Kagonge ya mgonjwa," akasema. "Waambie ni mimi. Tumbo limenivimba."

Sikuelewa mara moja. Yeye alishaanza kuvaa buibui la Hamisa na nikabu yake. Hamisa tangu aolewe hakutoka nje bila nikabu, na kimo chao ni kimoja. Bi Tatu akachukua mto wa usufi, akaufunga tumboni kwa mtandio, akanyoosha mgongo ambao mimi sijawahi kuuona umenyooka, akatembea hatua kadhaa kama mwari. Sikujua nilie au nicheke. Nikatoka mbio kugonga.

Wabebaji wakaja. Salehe mwenyewe, Mshamu mchinjaji, kijana anayeitwa Kombo, na mwingine wa kupokezana. Mzee Hatibu naye akaja na mwavuli, kuongoza. Mimi na Bi Tatu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Hamisa, tukamlaza Hamisa wa kweli kwenye machela mle ndani, kwa ubavu, tukamfunika gubigubi kwa kanga za Bi Tatu zinazojulikana kijiji kizima. Miguu ikabaki nje, asante Salehe. Nikaifunga kanga. Wanaume wakanyanyua.

"Bi Tatu ni mzito hivi?" Mshamu akauliza.

"Tumbo limejaa maji," nikamwambia. "Tembea."

Hakuna mwanamume wa huku atakayemfunua mama wa watu amtazame, hiyo ndiyo ilikuwa salama yetu. Tatizo lilikuwa midomo. Habari kwamba Bi Tatu anakata roho ilitutangulia. Watu wakatoka vibarazani na mvua ile ile. Mzee Hatibu akaanza Yasini kwa sauti. Chini ya kanga Hamisa akawa anaguna kila uchungu ukimjia, na kila akiguna Mzee Hatibu alikuwa anaongeza sauti.

Karibu na korongo akatutokea Bi Mwanjaa, muuza vitumbua, ambaye hajasemezana na Bi Tatu tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Akasimama katikati ya njia, akashika mti wa machela, analia. Nikamwambia tupishe. Hakupisha.

"Tatu, mwenzangu," akasema, "usiende na kinyongo. Yule kuku wako mweupe hakuliwa na kicheche. Nilimla mimi. Nisamehe."

Uchungu ukamjia Hamisa. Akaguna kwa muda mrefu.

"Amekusamehe," Mzee Hatibu akamwambia. "Pisha sasa."

Pembeni yangu nikabu ilitoa sauti kama birika linalotaka kuchemka. Nilimfinya mkono Bi Tatu kwa kucha zangu zote. Bi Mwanjaa akamgeukia, akamkumbatia, akamfuta mvua begani.

"Na wewe Hamisa mwanangu, jikaze. Mkweo ni mtu mwema, lakini ulimi ule unafua nazi. Utapumua sasa." Kisha akamtazama tumboni. Ule mto wa usufi ulikuwa umekunywa mvua umevimba, umeteremka hadi mapajani. "Jamani," akasema taratibu, kwa kuheshimu siri, "limeshuka hilo. Umekaribia mno."

Bi Tatu akainamisha kichwa kama mkwe mwenye adabu. Nakuapieni, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya duniani.

Tukateremka korongoni. Maji yalikuwa magotini. Mshamu safari hii hakucheka, alikuwa anasoma kila dua aliyoijua na nyingine za kujitungia. Katikati ya maji kanga ya miguuni ikafunguka, ikaenda na mkondo, na mguu wa Hamisa ukabaki wazi mbele ya uso wa Kombo. Bi Tatu ana magaga ya kukwaruza sakafu. Ule ulikuwa mguu wa msichana, kisigino laini, na kidole kimejikunja kwa maumivu. Kombo akautazama. Akanitazama mimi. Akamtazama yule wa nikabu anayevuka maji ameshika mto wake kwa mikono miwili. Halafu akavuta shati lake alilokuwa amelitupia begani, akaufunika mguu kwa mkono mmoja, machela haikuyumba hata kidogo.

"Ongezeni mwendo," akawaambia wenzake. "Huyu mama ni wa kuwahishwa."

Kombo huyo ana darasa la nne. Nilisema nitataja watu kwa majina; wengine nimewataja kwa makosa yao, ila yeye namtaja hivi hivi.

Zahanati Sista Anjela alikuwa mlangoni. Nilimnong'oneza jina la kweli, akaingiza machela moja kwa moja ndani akafunga mlango usoni mwa Mzee Hatibu. Wanaume wakabaki kibarazani, wamelowa, wanangoja kuambiwa wapeleke habari ya msiba. Mwenyekiti akaendelea na Yasini. Bi Tatu alikataa kuingia. Alisema akiingia nani atakuwa Hamisa huku nje? Akakaa kwenye benchi la mwisho na mto wake unachuruzika.

Ndani mtoto alikuja haraka, kumbe alishafika njiani akaona haya. Alikuja wa samawati, kalegea, na kimya. Ukimya ule mimi naujua. Sista Anjela alimkausha, akamsugua mgongo, akamwekea kile kibarakoa kidogo puani na mdomoni akawa anaminya mpira taratibu, kifua kinapanda, kinashuka. Huko nje Yasini inaendelea. Hamisa alikuwa ameinua shingo anatazama, haulizi, na mimi namkandamiza tumbo kuzuia damu, Sista akinielekeza bila kumwacha mtoto. Sista aliminya mpira, akaacha, akasikiliza, akaminya tena.

Mtoto akapiga chafya. Halafu akalia. Alilia kwa ghadhabu, kama mtu aliyeibiwa.

Kibarazani kisomo kikakatika katikati ya neno. Pale nje palikuwa na watu wazima wanne na mwenyekiti wao wanajaribu kufikiri. Nikamsikia Mshamu akiuliza kwa sauti ndogo, "Bi Tatu amejifungua?"

Nilichungulia dirishani. Yule wa benchi la mwisho alisimama, akafungua mtandio, ule mto ukaanguka sakafuni ukatoa mlio wa tope. Akainua nikabu. Salehe alirudi nyuma hadi akagonga nguzo.

"Malizia, Hatibu," Bi Tatu akasema. "Umeshafika mbali. Mtoto naye anahitaji dua."

Na Mzee Hatibu, nampa haki yake, alimaliza.

Baadaye kwenye mkutano wa wilaya alieleza mafanikio ya rimu yake, na mimi nilikuwa nachemsha chai. Alipata cheti. Bi Mwanjaa aliletewa habari kwamba kuku amesamehewa, la ulimi bado. Hamisa alimwita binti yake Salma, na kwa muda nilikuwa naingia nyumba ile bila kuuliza bei ya kitu chochote.

Lakini ninachotaka mkae nacho ni kilichofuata. Mwezi haukupita, mkwe wa nyumba nyingine akashikwa uchungu. Mama yake alinijia kwa mlango wa nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Bi Tatu anaumwa tena. Nikaenda kugonga ya mgonjwa, nikasema ni Bi Tatu. Wabebaji wakaja mbio na machela, wakafika mbele ya nyumba ya Bi Tatu, na Bi Tatu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni anamwaga pumba kwa kuku wake, mzima, anatafuna kitu. Mzee Hatibu akafunga mwavuli. Wote wakasimama, wakamtazama.

"Shikamoo Bi Tatu," Kombo akasema. "Tumesikia umezidiwa."

"Marahaba. Nimezidiwa sana, baba," akajibu. "Niko nyumba ya tatu kutoka hapa, mlango wa bluu. Nikimbizeni."

Hakuna aliyecheka. Wakaenda kwenye mlango wa bluu, wakainama, wakabeba.